Barakoa ya Fundi Pancha

Tarehe 4 Februari

Mpwa wangu Msusi,

Salamu hizi zikukute na kitana mkononi, maana nikisikia umekaa bure nitajua dunia imeharibika. Sisi huku tunasukuma siku. Mkaza-mjomba wako ni mzima, kiuno chake tu ndicho humkumbusha umri kila akiinama kufagia. Binti yetu wa mwisho anatarajia kujifungua mwezi ujao, na mama yake ameshaanza kukunja nguo za mtoto na kutoa amri kana kwamba mja mzito ni yeye. Kicheche kachukua kuku wawili. Hizo ndizo habari, mbaya na nzuri.

Mimi niko nyumbani. Gereji wamenipa likizo. Ni likizo tu, usianze maswali.

Najua utasema mjomba, si ungepiga simu. Miaka ishirini na saba nimesimama kando ya kompresa ya gereji, na sasa mtu akinisemesha kwenye simu nasikia nyuki ndani ya chupa. Kwenye karatasi sikosei. Tena dereva wa basi la alfajiri hubeba bahasha zangu bila nongwa, maana tairi zake zote nimezijaza upepo mimi.

Sasa nisikilize. Nilikwenda hospitali kwa sababu nasinzia hovyo. Nasinzia nikila, nasinzia nikisemeshwa. Juzi nimesinzia katikati ya kusalimiana na jirani, mkono wake bado uko ndani ya wangu. Daktari akanilaza usiku mmoja na nyaya kichwani na kifuani, nikawa kama gari linalotafutwa hitilafu. Asubuhi akaniambia pumzi yangu inakatika nikilala. Si mara moja: mara thelathini na mbili kwa saa. Nikamwambia haiwezekani, ningekuwa maiti. Akasema ndiyo maana tunaongea.

Wamenipa mashine ya kupuliza hewa, yenye bomba refu, na mwisho wa bomba kuna barakoa. Hewa inaingia kwa nguvu kidogo ili koo lisijifunge. Mashine yenyewe sina ugomvi nayo, ni kompresa ndogo yenye adabu. Shida ni barakoa. Inafunika pua na mdomo, inanibana, inapuliza machoni, na nikigeuka ubavu inahamia shavuni. Mkaza-mjomba wako aliponiona nayo mara ya kwanza alicheka mpaka akakaa chini. Nimeivaa usiku nne, na usiku wote nne nimeamka nikaikuta chini ya kitanda, na sijui nani kaitupa.

Na mkuu wa gereji hana mzaha. Amesema kufika mwisho wa Mei nimletee barua ya daktari. Mashine ina kumbukumbu ndani, inaandika kila usiku nimeivaa saa ngapi. Daktari anataka aone usiku thelathini mfululizo, si chini ya saa nne kila usiku. Nisipoileta, nastaafishwa. Mimi bila tairi ni nani, Msusi? Nikae barazani nihesabu mabasi yanayojazwa upepo na mtu mwingine?

Hapo kwenu kuna kliniki kubwa ya usingizi. Nenda uwaulize kama wana barakoa ya binadamu.

Daktari pia aliuliza kama yupo mwingine wa damu yetu mwenye shida hii. Nikasema sijui. Marehemu mama yako alikuwa akikoroma, lakini nani hakoromi? Wewe unajua lolote?

Ni mimi mjomba wako,
Fundi Pancha

*

Tarehe 15 Februari

Mjomba,

Shikamoo, na shikamoo nyingine umpelekee mkaza-mjomba, umwambie acheke kidogo kidogo maana kicheko ni dawa lakini kikizidi mgonjwa anasusa. Barua yako imenifikia salama, ikinuka dizeli. Mimi sijambo. Saluni imepata viti vipya viwili vinavyozunguka, na wasichana wangu wanashinda wakizungushana humo badala ya kusuka. Yule mdogo ana mikono myepesi, nikizeeka nitamwachia kitana.

Kliniki nimekwenda. Nimekaa kwenye foleni asubuhi nzima, nikakutana na muuguzi mmoja mama mtu mzima, mkali kidogo, ambaye kazi yake ni barakoa tu. Ana kabati zima. Kumbe zipo za aina tatu kubwa. Ipo kama yako, ya pua na mdomo. Ipo inayokaa puani tu. Na ipo ndogo kabisa, haifuniki kitu, ina vijipira viwili laini vinavyokaa kwenye milango ya pua. Amesema hakuna iliyo bora kuliko zote, bora ni ile mtu atakayoivaa mpaka asubuhi.

Akaniuliza maswali nikaona aibu, sikuwa na majibu. Mjomba, unalala chali au ubavu? Unapumua kwa mdomo? Pua huwa inaziba? Na zile sharubu zako bado zipo? Maana amesema mpira wa barakoa ukikaa juu ya nywele hewa inavuja. Nipimie na pua pia, upana wake na urefu wake kutoka juu mpaka chini.

Na likizo hiyo ni ya nini? Miaka ishirini na saba hujawahi kuchukua likizo hata ya harusi ya binti yako. Ulikuja na ovaroli.

Mpwa wako,
Msusi

*

Tarehe 2 Machi

Msusi wangu,

Marahaba, mwanangu. Mkaza-mjomba wako amepokea salamu zako akiwa anafunga mizigo. Binti kajifungua, dume, kilo tatu na nusu, na bibi yake amekwenda kumlea mzazi kwa miezi miwili. Kaondoka na simu, na sufuria nzuri, na maneno yake ya mwisho yalikuwa, "Usiniunguzie nyumba." Sasa niko peke yangu na kuku watano.

Majibu yako haya hapa. Nalala ubavu wa kulia. Mdomo sijui, nikilala sipo. Pua haizibi. Sharubu zipo na zitaendelea kuwepo, zimeizidi ndoa yangu umri. Pua nimeipima kwa kipimo cha gereji, kile cha chuma chenye meno mawili: upana milimita arobaini na moja, urefu hamsini na mbili. Mwambie muuguzi vipimo vyangu ni vya fundi, havikosei hata unywele. Ajabu yangu ni kwamba barakoa inauzwa ndogo, ya kati na kubwa, basi. Hata tairi la baiskeli lina saizi nyingi kuliko uso wa mtu mzima.

Nimejaribu kuirekebisha hii ya kwanza. Ina mikanda minne, nami nikaona kosa langu liko wapi: nilikuwa naikaza upande mmoja kwanza. Nati za gurudumu hazikazwi hivyo, zinakazwa kwa msalaba, ya juu kulia kisha ya chini kushoto, mpaka zigome. Basi nikakaza kwa msalaba mpaka ikagoma. Haikuhama usiku kucha. Asubuhi nikajitazama kwenye kioo nikakuta kidonda juu ya pua na mistari minne usoni. Mwenye duka kaniuliza nani kanipiga.

Usiku wote niliovaa saa nne mpaka sasa ni mmoja. Ule wa kidonda.

Kuhusu likizo nimeshakwambia. Wewe nawe hukunijibu kuhusu mama yako.

Fundi Pancha

*

Tarehe 11 Machi

Mjomba,

Shikamoo na hongera ya kuitwa babu! Mtoto afanane na bibi yake, kwa usalama wake. Hapa kwetu ni wazima wote, ila bomba la saluni lilipasuka na tumeosha vichwa kwa ndoo siku tatu.

Muuguzi nimemsomea barua yako. Ile sehemu ya nati alinirudisha niisome tena, akaita na wenzake. Alipomaliza kufuta machozi alisema hivi, na ninaandika kama alivyosema: mikanda haikazwi mtu akiwa amekaa. Lala kwanza kitandani, kwa ubavu wako ule ule, washa mashine, ndipo uirekebishe polepole, maana uso wa mtu aliyelala si uso wa mtu aliyekaa. Vidole viwili viweze kupita chini ya mkanda. Mimi naongezea la kwangu la kisusi: nywele za kisogoni zikibanwa kichwa kinauma mpaka kesho yake, kwa hiyo mkanda wa chini ukae shingoni, usipande.

Nakutumia ya pua tu, saizi ya kati, dereva atakukabidhi mkononi. Ni ya kujaribu, ukiikataa itarudi. Mjomba, nakuomba ivae ukiwa macho kwanza, mchana, ukisikiliza redio. Uizoee kama unavyozoea kiatu kipya.

Dereva huyo huyo kanieleza jambo. Anasema Desemba tairi lilipasuka gereji kwenu na mtu akaumia. Hukuniandikia. Ni nani huyo?

Msusi

*

Tarehe 24 Machi

Msusi,

Marahaba. Barua hii utaisoma umekaa chini, maana mjomba wako ni mtu wa akili na mpaka leo hamjaligundua hilo.

Barakoa nimeipokea. Nyepesi, haigusi kidonda, na macho yako huru. Nimeivaa mchana kama ulivyosema, kuku wakinitazama. Lakini nikaweka kiganja mbele yake nikahisi upepo. Nikashtuka. Kitu kipya, na kinavuja! Sikio langu si la kutegemea, basi nikafanya kama tunavyofanya tairi: nikaiwasha mashine, nikapaka povu la sabuni, nikangoja. Msusi, yale mapovu! Pale mbele, bomba linapoungana na barakoa, kuna vitundu vidogo kama vya sindano, nimevihesabu ishirini na viwili, na kila kimoja kinatoa hewa. Wamekuuzia mbovu, au imeliwa na wadudu huko kabatini.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Nimekwangua kwa msasa, nimepaka gundi, nimengoja ikauke kama inavyotakiwa, nikabandika kiraka kimoja safi cha tyubu. Nimepaka povu tena: haitoki hata pumzi ya sisimizi. Mwambie muuguzi asinielewe vibaya, kila mtu na fani yake. Akiwa na nyingine zenye tatizo hilo alete, nitamzibia.

Leo usiku naanza nayo kulala. Naona Mei inakaribia lakini sasa sina wasiwasi.

Tairi hupasuka, ndiyo kazi yake. Dereva huyo apunguze mdomo.

Fundi Pancha

*

Tarehe 3 Aprili

Mjomba, ivue. Kama unasoma huku umeivaa, ivue kwanza ndipo uendelee.

Barua yako imelala njiani siku tisa kwa sababu basi liliharibika. Nimeipata leo. Nimekwenda nayo kliniki nikidhani nawapelekea kichekesho, na muuguzi alipofika kwenye kiraka hakucheka. Alisimama. Vile vitundu si pancha, mjomba. Vimewekwa makusudi, ndio mlango wa kutokea pumzi yako uliyokwisha kuitumia. Ukiviziba unaivuta ile ile chafu tena na tena usiku kucha, na mtu anaweza asiamke.

Simu ya mkaza-mjomba haipatikani. Nimepiga gereji, mlinzi ameahidi kuja kukugongea mlango. Lakini nimeahidiwa mengi na walinzi, kwa hiyo naandika, na dereva ameapa kuleta barua hii mpaka kwako yeye mwenyewe.

Nimekaa kwenye kiti cha saluni, nimewaambia wasichana wafunge. Umeniuliza mara mbili kuhusu mama na mara mbili nimejifanya sikuona. Acha nikujibu.

Mwaka ule wa mwisho tulikuwa tunalala chumba kimoja. Alikuwa akikoroma kwa nguvu, kisha anakata kabisa, kisha anashtuka kama mtu anayeibuka majini. Nilimzoea. Usiku ule nilikuwa nimesimama kazini toka asubuhi, miguu imevimba, na yeye anakoroma, na mimi namlaumu moyoni. Kisha akanyamaza. Mjomba, nilisema alhamdulilahi. Nikageukia ukutani nikalala usingizi mtamu. Asubuhi alikuwa wa baridi.

Niliwaambia wote moyo wake ulisimama, na ndivyo cheti kilivyosema. Sikumwambia mtu yeyote kwamba niliusikia ule ukimya nikaufurahia.

Sikio la kufa halisikii dawa, na lako ni zito zaidi ya masikio yote. Kwa hiyo nakuandikia kwa herufi kubwa: VUA. Nijibu upesi. Siwezi mara ya pili.

*

Tarehe 5 Aprili

Mwanangu,

Mimi mzima. Nianze hapo.

Mlinzi alikuja, akagonga mpaka akavunja kitasa, na dereva naye kafika leo na barua yako, kanikabidhi huku kanishika bega. Barakoa ile nilikuwa nimeshaivua kitambo. Niliilalia usiku mmoja tu. Nikaamka kichwa kinagonga kama nyundo, moyo unakimbia, jasho chepechepe, nikaivuta ikaenda ukutani. Nilijua nimekosea kitu. Nilichokosa ni uso wa kukuandikia, baada ya majigambo yote yale. Nikasema ngoja wiki ipite. Sikujua wiki hiyo utailipia wewe kwa kufunga saluni. Nisamehe.

Sasa mama yako. Yule alikuwa dada yangu kabla hajawa mama yako. Tulilala chumba kimoja sisi watoto wanne, na alikoroma toka ana miaka tisa. Nilikuwa namrushia kiatu. Akinyamaza tulishangilia, wote watatu, na baba yetu chumba cha pili akisema, "Afadhali." Nani kati yetu alijua? Hukuwa daktari, ulikuwa binti uliyechoka. Kama kufurahia ukimya wake ni kosa, basi ukoo mzima tusimame kizimbani, na mimi nisimame mbele na kiatu changu. Na hakuna anayejua kwa hakika kilichomchukua. Sitaki nikusikie tena unajihukumu peke yako.

Nawe umesema lako, nami niseme langu. Ile si likizo. Desemba nilikuwa najaza tairi la basi, mkono uko kwenye bomba la upepo, na nikasinzia nimesimama. Upepo ukaingia mpaka tairi likapasuka. Mimi sikuguswa. Mwenzangu yule tunayemwita Spana, wa miaka kumi na mmoja bega kwa bega, alikuwa upande wa pili. Mkono wake umevunjika mahali pawili. Sijakwenda kumwona mpaka leo. Nimepita mbele ya nyumba yake mara tatu, nikajifanya naelekea sokoni.

Kwa hiyo barakoa si ya gereji peke yake. Nataka nikimkabili Spana niweze kumwambia kwamba haitatokea tena.

Nitumie ile ndogo. Safari hii sitagusa kitu.

Mjomba wako

*

Tarehe 14 Aprili

Mjomba wangu,

Shikamoo. Nilisoma barua yako mlangoni mwa ofisi ya vifurushi vya mabasi, nikalia pale pale, karani akanipa kiti. Nililia vizuri. Ile ya kiatu nimeirudia mara nyingi, na kila mara nacheka mahali pale pale.

Hii hapa ndogo. Ina saizi tatu za vijipira, zote zimo, jaribu moja moja. Ikivuma kidogo ni haki yake. Ile kamba pana ya kitambaa ni ya kidevu, ikushikie mdomo usifunguke, maana hewa ikitokea mdomoni utaamka koo limekauka. Muuguzi anasema mashine ina kitufe cha kuanza na upepo mdogo unaopanda taratibu, kibonyeze. Na kila asubuhi uoshe vijipira kwa maji ya vuguvugu na sabuni, mjomba, sabuni ya kuoshea tu, si ya kutafutia pancha.

Sharubu sikulazimishi. Lakini vijipira vinakaa pale pale zinapoanzia.

Ukianza tarehe ishirini utamaliza thelathini kabla Mei haijakatika. Kwa Spana nenda kabla hujamaliza. Usingoje barua ya daktari.

Msusi

*

Tarehe 29 Aprili

Msusi,

Marahaba. Usiku wa jana ulikuwa wa tisa kwa hesabu ya mashine. Wa kwanza saa nne na dakika kumi, nilikuwa naichungulia saa kama mwanafunzi. Wa tatu saa tano. Jana saa saba na nusu, na ningeendelea kama jogoo asingekuwa mbea. Vijipira vya kati ndivyo vyangu, vidogo vilinitekenya. Sijui hata kama nimevaa kitu.

Sharubu zimekwenda. Mkaza-mjomba wako alirudi jana na picha za mjukuu, akafungua mlango, akaniomba samahani akidhani kaingia nyumba ya watu. Amelala chumba chetu, mara ya kwanza baada ya miaka sita. Anasema aliamka mara mbili kuhakikisha nipo.

Kwa Spana nilikwenda Jumapili. Nikamweleza yote, toka kusinzia mpaka kiraka. Alinisikiliza mpaka nikamaliza. Akasema, "Nilijua ulisinzia. Nilichokuwa nangoja ni uje uniambie." Akaniletea chai kwa mkono wa kushoto. Hakusema amenisamehe na sikumwuliza.

Mjomba

*

Tarehe 21 Mei

Mjomba,

Shikamoo yako, na vigelegele vyote vya saluni! Dereva kaniambia usiku thelathini umetimia na barua ya daktari unayo mfukoni. Nimewapa wasichana nusu siku. Mkaza-mjomba amenipigia simu akasema umeanza kusoma gazeti mpaka mwisho, na sasa anakutafutia kazi za nyumbani.

Nikiwa na furaha hii nikutajie na jambo. Siku ya kwanza kabisa muuguzi aliniuliza mimi ninalalaje. Nikamjibu nimekuja kwa ajili ya mjomba. Lakini wasichana wanasema nikijilaza kidogo kwenye kochi mchana nakoroma, na kuna mara nanyamaza wakatazamana. Muuguzi alinipa tarehe ya kulazwa na nyaya, sikwenda. Akanipa nyingine, sikwenda. Nyaya haziniogopeshi. Siwezi kulala chumba nisichokijua huku mtu akisikiliza pumzi zangu. Toka siku ile ya mama huwa naamka amka, na nikiwa peke yangu nawasha redio ili pasiwe kimya.

Safari hii ni tarehe kumi na nne Juni. Sijui kama nitakwenda.

Msusi

*

Tarehe 5 Juni

Mwanangu,

Marahaba. Jumatatu nimerudi kazini. Mkuu wa gereji aliisoma barua ya daktari mara mbili, akaigeuza nyuma kutafuta kasoro, akasema, "Haya." Nje basi lilikuwa limeshapigwa jeki, na kijana mmoja mpya ameshika bomba la upepo. Hakuna aliyesogea. Spana alikuwa pale, ameshatolewa plasta, mkono bado mwembamba. Akamchukulia yule kijana bomba, akaja nalo mpaka nilipo, akanipa. Kisha akasimama pale ambapo huwa anasimama.

Nilijaza tairi sita. Nilizijaza bila kudondosha chozi, ila kwa lile la kwanza siwezi kuapa.

Sasa lako. Mtu aliyenipelekea pua yangu kliniki kwa milimita hawezi kuniambia hajui kama atakwenda. Tarehe kumi na nne nitakuwa hapo. Nimeomba siku mbili, mkuu wa gereji akanitazama kama mwendawazimu, nikamweleza, akatia sahihi. Daktari ameniruhusu usiku mmoja bila mashine, kwa sababu sitalala. Muuguzi akisema ndugu haruhusiwi chumbani, nitakaa kwenye benchi nje ya mlango, na akitaka kuniondoa hapo alete jeki.

Ingia ulale, Msusi. Zima redio. Umekesha vya kutosha, zamu hii ni yangu.

Mjomba wako